Ruzuku Isiyo Riziki: Ufadhili wa Mafunzo ya Ufundi Garissa na Kaskazini Mashariki

Katika Kiswahili, neno ruzuku na neno riziki ni watoto wa mama mmoja. Yote mawili yametokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kumpa kiumbe kile kinachomwezesha kuishi, na kitenzi kuruzuku kingali kinatumika kwa maana hiyo katika dua na maongezi ya kila siku. Hata hivyo, katika lugha ya bajeti na ofisi, ruzuku imefinywa ikawa fedha inayotolewa na serikali au mfadhili kwa shughuli fulani na kwa muda fulani. Umbali uliopo kati ya maana hizo mbili unadhihirika wazi mtu anapochunguza hali ya vijana wanaosomea ufundi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera.

Makala haya yanashikilia kwamba fedha za kuwafunza vijana wa Kaskazini Mashariki zimetolewa mara nyingi. Kilichokosekana ni fedha yenye jina katika sheria, inayomfuata mwanafunzi hadi amalize masomo yake, na inayotambua kwamba mwanafunzi huyo anakula na kulala.

Tatizo hili lina historia. Waraka wa Sera Namba 10 wa mwaka 1965 ulipendekeza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili zizae haraka. Kaskazini Mashariki haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vinne kwa kiasi cha kutosha. Isitoshe, eneo hilo lilikuwa chini ya hali ya hatari tangu wakati wa vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na hali hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kwa hiyo kizazi kizima kilikua kikimjua askari kabla ya kumjua mwalimu wa ufundi. Ndipo pengo hilo likawa mlango wa wafadhili.

Mfano bora wa ufadhili huo ni mradi wa vijana wa Garissa ulioanza mwaka 2008 na kujulikana kwa jina la G-Youth. Fedha zake zilitoka kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, na uendeshaji wake ulikuwa mikononi mwa shirika la Education Development Center. Vijana wa mji wa Garissa walifundishwa namna ya kujiandaa kwa kazi na kujitafutia maisha. Hakuna haja ya kuubeza mradi huo. Vijana walioupitia waliambulia kitu ambacho taifa lao lilikuwa halijawapa kwa zaidi ya miaka 40.

Lakini mradi ni mradi. Una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na tarehe hizo hupangwa na yule mwenye mkoba. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikaacha rasmi kutekeleza miradi yake. Miradi mingi Afrika Mashariki iliachwa katikati kama jahazi lililokatiwa tanga. Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kosa hapa si la aliyetoa kisha akaacha kutoa. Kosa ni la nchi iliyomwona mgeni akibeba jukumu la mwenyeji, ikanyamaza na kuona mzigo umepungua.

Je, hali ikoje katika fedha za umma? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali kuu ikawa inatoa ruzuku yenye masharti kwa ajili ya vyuo hivyo, na kipimo chake kilikuwa KSh 15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, ila kilikuwa na sifa moja kubwa: kilikuwa na jina. Mzazi wa Masalani au Modogashe angeweza kuuliza, shilingi elfu kumi na tano za mwanangu ziko wapi? Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, ruzuku ya vyuo hivyo iliingizwa katika mgao wa jumla wa kaunti. Kwa mhasibu, hakuna kilichopotea, kwani mgao wa jumla uliongezwa. Kwa mwanafunzi, kilichopotea ni haki ya kuuliza. Fedha ikishachanganywa na mishahara, magari na safari za wakubwa, haina tena mwenyewe wa kuidai.

Kwa upande wa vyuo vikubwa kama North Eastern National Polytechnic kilichoko mjini Garissa, mwaka 2018 serikali ilileta mpango ulioeleweka zaidi. Karo ilikadiriwa kuwa KSh 56,420 kwa mwaka. Serikali ikalipa KSh 30,000, na salio la KSh 26,420 likaachiwa mwanafunzi, ambaye angeweza kuomba mkopo wa hadi KSh 40,000 kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Hesabu ni rahisi. Aliyepata mkopo wote, akishalipa salio la karo, alibakiwa na KSh 13,580. Ukizigawa fedha hizo kwa miezi tisa ya masomo, unapata takriban shilingi 50 kwa siku. Katika hizo shilingi 50 mlikuwa na chakula, kodi ya chumba, nauli, sabuni na vifaa vya karakana. Kijana wa Nairobi aliyekuwa akirudi jioni kwa mama yake huenda alistahimili. Kijana aliyetoka Mandera, mamia ya kilomita kutoka Garissa, hakuwa na mahali pa kurudi jioni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyepanga kiwango kimoja kwa nchi nzima bila shaka alikuwa ameshiba.

Mwaka 2023 ulikuja utaratibu mwingine, ambao hupima hali ya kila familia kabla ya kuamua ipate kiasi gani cha udhamini na mkopo. Wazo la kupima uhitaji ni zuri. Swali ni kipimo. Familia ya mfugaji haina hati ya mshahara. Akiba yake hutembea kwa miguu minne. Mvua ikinyesha, baba mwenye ngamia kumi na ng'ombe thelathini huonekana tajiri. Misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022 iliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya, na kaunti za wafugaji ndizo zilizoumia. Mwanafunzi anayepimwa kabla ya ukame wa namna hiyo akaonekana ana uwezo, anaweza kujikuta katikati ya masomo bila karo wala nyumba ya kumtumia chakula. Aidha, wakati wa ukame mifugo hukonda na bei yake sokoni huanguka, hivyo familia hulazimika kuuza wanyama wengi zaidi ili ilipe karo ileile. Kipimo kinachofanywa mara moja hakiwezi kuipima mali inayokufa.

Kuna pia suala la riba. HELB imekuwa ikitoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa mikopo ya wanafunzi. Wakazi wengi mno wa Kaskazini Mashariki ni Waislamu, na miongoni mwao wamo wanaouacha mkopo huo kwa kuchelea haramu. Madai ya kuwapo kwa mikopo isiyo na riba yametolewa kwa miaka mingi, nayo si madai ya upendeleo. Mlango ambao mja hawezi kuupita bila kuvunja imani yake ni mlango uliofungwa, hata kama umeandikwa juu yake "Karibuni wote".

Hapo ndipo basari huingia. Tangu sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge ya 2003, na baadaye kupitia kaunti, basari imewaokoa wengi. Ila basari hutolewa kwa mafungu madogo, hubadilika kila mwaka, na aghalabu humfunza kijana kwamba elimu ni fadhila ya mheshimiwa. Tena msingi wake kisheria umetikiswa. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko huo, ile ya 2015, inakiuka Katiba. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari kwa ngazi za elimu zilizo chini ya serikali kuu bila makubaliano rasmi, na suala hilo nalo likaishia mahakamani. Fahali wawili walipopigana, nyasi zilizoumia zilikuwa wanafunzi waliokuwa wakisubiri kusajiliwa.

Wapo watakaopinga na kusema kwamba taifa lina madeni, na kwamba kulipa eneo moja zaidi ya mengine ni ubaguzi. Hoja ya kwanza ina uzito. Hata hivyo, Katiba yenyewe imekwisha kuijibu ya pili. Ibara ya 55 inaitaka serikali ihakikishe vijana wanapata elimu na mafunzo yanayofaa, na Ibara ya 56 inataka makundi yaliyotengwa yapewe nafasi maalumu katika elimu na uchumi. Ibara ya 204 iliunda Mfuko wa Usawazishaji unaopewa asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa miaka 20, ili kufikisha huduma kama maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Mafunzo ya ufundi hayakutajwa katika orodha hiyo. Lakini nani atakayeitengeneza pampu ya kisima ikiharibika? Pampu iliyonunuliwa kwa mamilioni ikikosa fundi wa karibu huwa chuma cha kuegemewa na mbuzi.

Kutokana na hayo, njia inayofaa inaonekana. Kila mradi mkubwa wa umma katika kaunti hizo tatu utengewe, kwa sheria, sehemu ya kuwafunza wenyeji ufundi wa kuuendesha na kuukarabati. Kazi zipo. Mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019, una uwezo wa megawati 50 na zaidi. Barabara ya Isiolo hadi Mandera inahitaji mafundi wa mitambo. Na soko la mifugo la Garissa linahitaji wataalamu wa afya ya wanyama na wa ngozi. Sambamba na hilo, ruzuku ya vyuo vya vijijini irudishiwe jina lake, fedha ya kujikimu itofautishwe na karo, na uhitaji wa familia za wafugaji upimwe upya kila ukame unapotangazwa.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nao wana fungu lao. Kijana Msomali anayejifunza gereji mjini Garissa husikia kutoka kwa fundi wake spana, bisibisi, fyuzi na gasketi. Hujifunza kazi kwa Kiswahili. Kisha mtihani humjia kwa Kiingereza, na fomu ya mkopo yenye masharti ya miaka mingi humjia kwa Kiingereza vilevile. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini lugha rasmi isiyoweza kumweleza mkopaji anachotia sahihi ni rasmi kwa jina tu. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinavyojadili istilahi kila mwaka vingefanya tendo la maana kwa kutafsiri fomu hizo, na kwa kuandaa istilahi za umeme wa jua na mitambo pamoja na mafundi wenyewe. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wa ng'ambo.

Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikawa chuo kikuu kamili. Waliorudi darasani wakati ule walikuwa wamekwisha kuonyesha ni gharama gani wako tayari kulipa kwa ajili ya elimu. Taifa linalowaona vijana wa namna hiyo wakiacha ufundi kwa kukosa mlo wa mchana haliwezi kudai kwamba limewaruzuku.