Kijana wa Chuo Kikuu Asiachwe Peke Yake

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi, kilio kitamfichua. Msemo huo wawahusu pia wazazi walio kambini na vituoni, ambao watoto wao wamejaliwa kuingia Makerere na vyuo vikuu vinginevyo vya Uganda. Hudhaniwa kwamba kijana aliyefika huko amekwisha kuyavuka mashaka. Kumbe sivyo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo kwa ukubwa.

Mawazo ya kujiua hayaletwi na jambo moja. Mizigo hurundikana: ugonjwa wa sonona, mateso ya utotoni, upweke, ulevi, ada isiyolipwa, au mtihani ulioshindwa. Kijana aliyesomeshwa kwa mshahara wa askari na michango ya ukoo mzima huona haya kuandika nyumbani kwamba ameshindwa. Aliyewahi kujaribu kujiua ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Dalili zipo kwa mwenye kutazama. Kijana hujitenga na wenzake, hakosi tu usingizi bali hata hamu ya chakula, hugawa vitu vyake vya thamani, au husema kwamba yeye ni mzigo kwa watu. Maneno hayo yasichukuliwe kuwa mzaha wala utovu wa adabu.

Wazazi wengi huogopa kuuliza, wakidhani kuwa swali litampandia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo haina msingi. Wataalamu wamethibitisha kuwa kumwuliza mtu waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua hakumwongezei hatari. Aghalabu humpunguzia uzito. Baada ya kuuliza, yafaa mzazi asikilize bila kukemea na bila kutaja gharama alizokwisha kutoa.

Hofu ya adhabu nayo hufunga midomo. Katika nchi jirani ya Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwezi Januari 2025 kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kilikuwa kinyume cha Katiba. Askari polisi aitwaye kwenye tukio kama hilo na akumbuke kuwa aliye mbele yake ni mgonjwa anayehitaji tabibu.

Kinga nazo zipo: rafiki wa kweli, mzazi anayepiga simu hata pasipo habari ya ada, imani ya dini, na matibabu ya mapema. Makerere ina kituo chake cha ushauri kwa wanafunzi, na Hospitali ya Butabika, Kampala, hutibu maradhi ya akili.

Liko pia jukumu la nyumba ya askari yenyewe. Mara nyingi saa ya hatari kubwa ni fupi, na anayevushwa saa hiyo huweza kupona. Kwa hiyo kijana anaporudi likizo akiwa na huzuni, silaha isilale nyumbani, dawa na sumu zifungiwe, naye asiachwe peke yake hadi afikishwe kwa mganga. Mtihani una marudio, uhai hauna.