Wanafunzi wa Udaktari na Vitabu Vyao



Twasikia wakubwa wakinung'unika kwamba wanafunzi wa udaktari siku hizi hawasomi, ati kazi yao ni simu na karatasi za mitihani ya zamani. Sisi twasema watazamwe kwanza saa zao.

Tangu 1967, chuo cha udaktari kilipoanza Nairobi, wanafunzi wake hujifunza wodini katika Hospitali ya Kenyatta, na sasa vyuo na hospitali za kufundishia ni nyingi. Mwanafunzi huamka alfajiri, humhoji mgonjwa, humpima, kisha husimama mbele ya daktari mkuu kueleza alichoona. Katikati ya hayo hutumwa kutoa damu na kupeleka vichupa maabara. Usiku husoma lile tu litakaloulizwa kesho, asiaibike. Nani kati yetu aliyejaribu kusoma baada ya zamu hajui usingizi ule?

Karatasi ya mtihani ina majibu matano, uchague moja. Mzee aliyelazwa na homa hana orodha ya majibu. Lakini mwanafunzi akisoma juu ya ugonjwa wa mzee huyo jioni ile ile, hausahau upesi. Na wazee hao ni baba zetu.

Kwa hiyo twataka chumba cha kusomea karibu na wodi, chenye taa na vitabu, na saa moja ya mchana isiyoguswa na mtu. Vichupa navyo viajiriwe mchukuzi, alipwe mshahara.