Karpu: Kabla ya Bei, Angalia Maji Yanaelekea Wapi

Sijaona samaki anayegawanya wavuvi wa ndoano kama karpu. Uingereza mtu analipa kiingilio bwawani, anakesha akimsubiri, akimpata anampiga picha na kumrudisha majini taratibu. Australia ni kinyume: katika jimbo la Queensland, ukimnasa, sheria haikuruhusu kumrudisha akiwa hai. Poland anafugwa mabwawani, na mezani mkesha wa Krismasi hakosi.

Nani yuko sahihi? Kwa maoni yangu, wote. Kila mmoja anazungumzia maji yake. Karpu huchimba tope akitafuta chakula, hung'oa mimea, na maji yanachafuka. Bwawani hasara hiyo ni ya mwenye bwawa. Akiingia mtoni au ziwani, ni ya kila mtu.

Hapa kwetu tazama Ziwa Naivasha. Karpu alianza kuonekana kwenye nyavu mwaka 2001. Kufikia 2010 ndiye aliyekuwa akizijaza. Wapo wanaomlalamikia kwa miba, wapo wanaolipia watoto karo kwa sababu yake. Lakini kumtoa ziwani sasa? Sahau.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, usiniulize tu kama karpu analipa. Niambie kwanza: mnunuzi wako anakubali miba? Bwawa likifurika mvua za masika, maji yanaenda wapi? Kama ni mtoni, achana naye, hata bei iwe tamu vipi. Kama hayatoki, muone afisa wa uvuvi kabla hujanunua vifaranga. Faida ni yako. Mto ni wetu sote.