Sauti Imfikie Mtoto Kabla ya Lawama



Ndugu msomaji, juma hili nakuletea jambo linaloonekana dogo, lakini lilinifanya nimdhulumu mwanangu.

Binti yangu husoma na maalimu wake kwa njia ya kompyuta baada ya sala ya Isha. Usiku mmoja alikuwa akirudia Suratul Kawthar. Kila maalimu alipotamka thaa, yeye alirejesha siin. Mara ya nne nilimkaripia kwamba hazingatii. Akanyamaza, machozi yakimlengalenga, kisha akasema kwa upole, "Mama, mimi nasikia siin."

Maneno hayo yalinigutusha. Mtoto wa Kiswahili, aliyekua akitenga thamani na samani, hashindwi na thaa. Nikainama kumbembeleza, kichwa changu kikawa sawa na spika zilizokuwa juu ya meza. Papo hapo sauti ya maalimu ikanijia safi, kila herufi mahali pake. Nilipoinuka, herufi zikachanganyika tena.

Sababu yake ni hii. Sauti nzito husambaa pande zote, lakini sauti nyembamba, kama za siin na thaa, huenda mbele moja kwa moja mfano wa mwanga wa tochi. Spika ndogo ikikaa mezani humlenga msikilizaji kifuani, si sikioni. Aidha, sehemu ya sauti hugonga ubao wa meza, ikarudi ikiwa imechelewa kidogo na kuivuruga ile ya kwanza. Ukizidisha sauti, unazidisha kishindo tu, na wala herufi haziwi wazi zaidi.

Dawa yake ni kuziinua. Mketishe msomaji kitini kama akaavyo siku zote, upime kutoka mezani hadi sikioni mwake. Kimo hicho ndicho kinachotakiwa kufikiwa na kitovu cha spika. Fundi seremala aweza kukuundia visanduku viwili vya mbao kwa masalio ya kazi zake. Hata tofali mbili zilizofunikwa kitambaa zatosha. Kitako kiwe kipana kuliko spika, na chini yake uweke vipande vya ndara kuukuu ili visiteleze wala kutetemeka. Nyaya zifungwe nyuma ya meza, mtoto mchanga asije akazivuta akaangukiwa. Kama huna cha kuinulia, weka kigingi kidogo chini ya ukingo wa mbele ili spika itazame juu kuelekea usoni. Hapo pia utaona tofauti.

Tahadhari moja, dada zangu: tusitafute kimo kwa kupanga misahafu wala vitabu vya dini chini ya spika. Haifai kutafuta ubora wa kisomo kwa kukivunjia heshima Kitabu chenyewe.

Kuna faida nyingine. Spika zikiwa sawa na masikio, sauti ya chini hutosha. Mzee aliyelala hasumbuliwi, anayesali chumba cha pili hashawishiki, na masikio ya mtoto yanasalimika. Tukumbuke kwamba katika wasia wake kwa mwanawe, Luqman alimhimiza ashushe sauti yake.

Na ikiwa umeinama mbele ya spika usione tofauti yoyote, basi tafuta sababu kwingine. Huenda mtandao ni dhaifu. Huenda pia mtoto hasikii vyema. Mpeleke hospitali apimwe masikio, usingoje mpaka aitwe mzembe chuoni.

Sisi tuliinua spika zetu kwa vibao vya mninga vilivyokuwa vimelala uani. Usiku uliofuata binti yangu aliisoma sura yote, na thaa yake ikatoka bila kusukumwa. Maalimu alimsifu. Mimi nilimwomba radhi mbele ya ndugu zake, kwa kuwa nilimkaripia mbele yao.

Twawadai watoto wetu wasikilize, na ni haki yetu. Lakini kabla ya kuwalaumu, tuketi kidogo pale wanapoketi, tusikie wanachokisikia.

Mola atujaalie subira katika malezi, na awafungulie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.