Mtoto akitazama hadithi za hip hop, mzazi akae karibu

Wazazi wengi wakisikia hip hop ikitoka chumbani kwa kijana wao, neno la kwanza huwa "punguza sauti". La pili huwa "zima". Ni wachache wanaouliza wimbo wenyewe unasimulia nini.

Mwaka 2017 kituo cha televisheni cha BET cha Marekani kilianza kurusha tamthilia iitwayo Tales, iliyojengwa juu ya swali hilo. Mwanzilishi wake ni Irv Gotti, mtayarishaji wa muziki kutoka New York aliyefariki dunia Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 54. Alichukua nyimbo zinazojulikana za hip hop na kuzigeuza kuwa filamu. Kila sehemu inajitegemea: ina wimbo wake, hadithi yake na waigizaji wake. Msimu wa pili ulifuata mwaka 2019.

Tamthilia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Ina bunduki, mapenzi, usaliti na vifo. Lakini siku hizi video haisubiri ratiba ya televisheni. Humfikia mtoto kwenye simu, kipande kipande, mara nyingi mzazi akiwa jikoni au kazini. Ndiyo maana inafaa mzazi ajue kilichomo kabla ya kuamua aruhusu au akataze.

Hadithi mbili, funzo moja

Mojawapo ya nyimbo zilizotumika ni Children's Story wa Slick Rick, uliotoka katika albamu yake ya mwaka 1988. Wimbo huo umetungwa kama hadithi ya kabla ya kulala, inayosimuliwa kwa watoto. Kijana anashawishiwa na mwenzake kuanza kupora watu. Anapata fedha, ananogewa, hadi siku anapokutana na askari kanzu. Anakimbizwa mitaani, na mwisho anapigwa risasi. Alikuwa na miaka 17 tu.

Aliyelelewa kwa "Paukwa! Pakawa!" hawezi kushangazwa na hadithi ya namna hiyo. Katika ngano nyingi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na zimwi humla mkaidi. Tofauti iko kwa msimuliaji. Bibi alikuwa amekaa pale pale mkekani. Mtoto akiogopa, alisogezwa karibu. Akiuliza, alijibiwa. Simu haifanyi hivyo. Ikimaliza kuonyesha kifo kimoja, inaleta video nyingine.

Sehemu ya kwanza ya Tales ilitokana na wimbo wa kundi la N.W.A la California, wa mwaka 1988, unaowalaani polisi, na ambao jina lake haliwezi kuandikwa katika ukurasa wa familia. Tamthilia iliugeuza ulimwengu juu chini: Wazungu ndio wachache wanaonyanyaswa, na wenye nguvu ni watu weusi. Mtazamaji analazimika kujiuliza angejisikiaje iwapo zamu ingekuwa yake.

Kwa wazazi weusi wa Marekani, jambo hilo halikuwa mchezo wa kuigiza. Wengi wao huwafundisha watoto wao, hasa wa kiume, namna ya kuzungumza na mahali pa kuweka mikono askari anaposimamisha gari. Wazazi kutoka Afrika Mashariki wanaolea watoto huko hujikuta nao wakifundisha somo hilo, ingawa wao wenyewe hawakufundishwa na wazazi wao.

Madaktari wanasemaje

Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa tamko kwamba ubaguzi wa rangi huathiri afya ya watoto na vijana. Kilieleza kuwa mtoto anayeishi na msongo kwa muda mrefu, homoni za msongo kama kotisoli hubaki juu mwilini mwake, na hali hiyo inaweza kumweka katika hatari ya magonjwa sugu baadaye.

Mwaka huo huo, utafiti uliofanywa kwa vijana wa Kimarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini ulionyesha uhusiano kati ya kutazama mtandaoni video za matukio ya kikatili yanayohusu rangi, kama watu kupigwa na polisi, na dalili za sonona na kiwewe. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba video ndiyo chanzo. Unatosha, hata hivyo, kumfanya mzazi asichukulie picha hizo kama burudani nyingine yoyote.

Hapa tamthilia ina ubora wake na hatari yake. Ubora ni kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho, hivyo mtoto anaweza kuona kosa lilianzia wapi. Hatari ni kwamba akikata kipande cha sekunde 30 chenye bunduki na fedha, funzo linabaki nje na picha inabaki kichwani.

Umri ndio mlango

Watoto wa chini ya miaka 8 hawajaweza kutenganisha vizuri kinachoigizwa na kinachotokea kweli. Kwao, aliyepigwa risasi kwenye skrini amekufa kweli, na anaweza kumfuata nyumbani. Hadithi kama hizi haziwafai kabisa, hata kama wanaonekana wanacheza pembeni wakati wakubwa wanatazama. Masikio yao yanasikia.

Walio kati ya miaka 8 na 12 wanaelewa kuwa ni maigizo, lakini wanaweza kumwiga mhusika anayewavutia. Kwao ni bora mzazi asimulie hadithi kwa maneno yake mwenyewe, kisha waijadili bila picha.

Vijana wa sekondari ndio wanaoweza kufaidika, kwa sharti moja: watazame pamoja na mtu mzima, baada ya mtu mzima huyo kuitazama kwanza peke yake. Alama ya umri inayowekwa mwanzoni mwa kipindi iheshimiwe. Ving'amuzi vingi vina sehemu ya kufunga chaneli kwa namba ya siri, na simu nyingi zina mpangilio wa kuzuia maudhui ya watu wazima.

Muda nao ni dawa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa siku, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Skrini izimwe walau saa moja kabla ya kulala, na simu ilale nje ya chumba cha mtoto. Picha ya kutisha ikiwa ndiyo ya mwisho kuonekana usiku, usingizi huwa wa shida.

Maswali ya kuuliza

Baada ya kutazama, mahubiri marefu hufunga mdomo wa kijana. Swali fupi huufungua. Mzazi anaweza kuanza na haya:

Ni wakati gani huyu kijana angeweza kugeuka na kurudi nyumbani?

Nani aliona mabadiliko yake akanyamaza?

Mama yake alijisikiaje aliposikia habari?

Hapa mtaani kwetu, kijana mwenye shida kama yake angemwendea nani?

Swali la mwisho ndilo zito. Jibu likiwa "hakuna", mzazi amepata taarifa muhimu kuliko tamthilia yenyewe. Kijana anayenogewa na fedha za haraka au marafiki wapya mara nyingi ameshatafuta mtu wa kumsikiliza nyumbani akamkosa. Mjomba, shangazi, mwalimu au kiongozi wa dini anayeaminika anaweza kuwa mtu huyo, mradi kijana amjue kabla ya shida kufika.

Baba nao wasikae pembeni. Katika nyumba nyingi mazungumzo haya huachiwa mama, ilhali wavulana ndio wanaolengwa zaidi na picha za ubabe. Mvulana akimsikia baba yake akisema kwamba naye aliwahi kuogopa, anajifunza kuwa hofu si aibu.

Dalili za kuangalia

Mtoto aliyeguswa vibaya na alichokiona huenda asiseme. Mwili ndio husema: jinamizi, kukojoa kitandani upya baada ya kuacha, maumivu ya kichwa au tumbo yasiyo na sababu, kukataa shule, kujitenga, au kushtuka kila mlango unapogongwa. Dalili hizi zikiendelea kwa wiki kadhaa, apelekwe kituo cha afya na mzazi aeleze wazi kilichotokea. Akizungumzia kujidhuru, asisubiriwe hata siku moja, na asiachwe peke yake.

Simu ya msaada kwa watoto, namba 116, hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya. Mtoto anaweza kuipiga mwenyewe, na mzazi pia.

Kijana atasikia nyimbo hizi, iwe kwenye daladala, shuleni au kwa jirani. Nyumba haiwezi kuziba masikio yake, lakini inaweza kumpa mahali pa kuja kuuliza alichosikia kina maana gani. Basi akiongeza sauti safari nyingine, mzazi aingie, avute kiti na aulize wimbo huo unamhusu nani.