Umri wa gari usibadilike mpakani

Ukipita Nakawa au kando ya Barabara ya Jinja hapa Kampala, utayaona magari ya Japani yamejipanga kwenye bondi, yanang'aa, yanangoja wateja. Mfanyabiashara aliyepata faida ya msimu mmoja hufika hapo kwanza. Gari humbebea mzigo, na likichakaa soko huligeuza kuwa fedha tena. Ni mtaji wenye magurudumu.

Mama mmoja ninayemfahamu, anayepeleka maharage Busia, alifikiri hivyo hivyo. Alinunua Noah yenye umri wa miaka 12. Biashara ilipoyumba, alipata mnunuzi upande wa Kenya, bei wakaafikiana. Wakala wa forodha akauliza swali moja tu: gari limetengenezwa mwaka gani? Biashara ikafia hapo. Akaliuza Kampala kwa hasara, na maharage ya msimu uliofuata akayanunua kwa mkopo.

Mama huyo hakuvunja sheria yoyote. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, inazuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kenya kikomo chake ni miaka 8. Tanzania haikatazi kwa umri, bali gari likizeeka inaliongezea ushuru. Kwa hiyo gari lile lile ni halali Malaba upande huu, marufuku hatua chache mbele, na Mutukula ni suala la mfuko wako.

Najua kila serikali ina sababu zake. Kenya ina viwanda vya kuunganisha magari inavyotaka kuvilinda. Kampala imechoka na moshi. Na wapo wanaosema, kwa haki, kwamba kikomo cha miaka 8 kikiletwa Uganda kesho, mchuuzi mdogo atarudi kupanda boda na gunia lake.

Lakini hizo ni sababu za kujadiliana, si za kuacha mambo yalivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweza kukubaliana juu ya uzito wa malori: sheria yake ya mwaka 2013 iliweka kikomo kimoja cha tani 56. Kama tumeweza kupima lori kwa mizani moja, tunashindwaje kuhesabu miaka ya gari kwa kalenda moja? Kikomo kipangwe kwa pamoja, kishushwe polepole, na kitangazwe miaka kadhaa mapema ili aliyenunua leo asiadhibiwe kesho.

Hadi siku hiyo, ndugu mfanyabiashara, usidanganywe na rangi wala herufi mpya za namba. Uliza mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa kuingia Uganda. Kilomita za kwenye dashibodi zilinganishe na cheti cha ukaguzi, maana zinarudishwa nyuma kwa dakika chache. Mlete fundi wako mwenyewe, si wa bondi. Hakikisha logibuku itahamia kwenye jina lako. Ukienda Kigali, Goma au Juba, kumbuka huko wanaendesha kulia.

Na kabla hujahesabu fedha, jiulize gari hili utamuuzia nani, na katika nchi gani. Mama wa maharage aliulizwa swali hilo baada ya kulipa.