Kiziwi si tusi

Msamiati wa elimu maalumu umebadilika sana. Zeruzeru siku hizi ni mtu mwenye ualbino, taahira ni mwenye ulemavu wa akili, na wote, pamoja na viziwi, wasioona na wenye usonji, wamewekwa chini ya jina moja: wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Jina hilo lilienezwa na ripoti ya kamati ya Mary Warnock, Uingereza, mwaka 1978, iliyotaka mtoto aangaliwe kwa anachohitaji darasani, si kwa kasoro aliyoandikiwa na daktari. Nia ilikuwa njema. Kwetu jina limeshika, ila swali la mtoto huyu anahitaji nini hasa limefifia. Kiziwi anahitaji mwalimu anayeijua lugha ya alama. Asiyeona anahitaji mashine ya nukta nundu na karatasi zake ngumu. Wote wakiandikwa "maalumu" kwenye fomu ya uandikishaji, anayegawa walimu atajuaje ampeleke nani wapi?

Wapo wanaodai majina ya zamani hayafai kwa kuwa yako kwenye ngeli ya viti na visu, hivyo kumwita mtu kiziwi au kipofu ni kumfanya kitu. Sarufi haiwaungi mkono. Kiongozi, kijana na kinyozi wamo humo humo, wala sijasikia kiongozi akilalamika. Tena tunasema kiziwi amefika, hatusemi kimefika. Kilema ni habari nyingine, maana neno lenyewe ni dosari, na heri limepisha "mwenye ulemavu", ingawa shina ni lile lile. Wengine watataja Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo ibara yake ya 54 inawapa wenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyowadhalilisha. Ni kweli, lakini wa kusema kama jina linadhalilisha ni mwenye jina. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimelibeba neno hilo bila haya. Wenzao wakachagua kuwa Chama cha Wasioona. Na adabu ya neno jipya haidumu: Marekani mwaka 2010 iliondoa katika sheria zake za shirikisho istilahi ya udumavu wa akili, ambayo nayo iliwahi kuletwa kuchukua nafasi ya maneno yaliyogeuka matusi.

Basi wizara ziwaulize wahusika wanaitwaje, na fomu zitaje wazi kila mtoto anahitaji mwalimu gani na kifaa gani.